Macho Hutobolewa Pugu

Mapatano kati ya Zahor bin Haroub na Benedikto hayakuandikwa popote, na huenda ndiyo maana yalidumu. Benedikto alikuwa mchonga vinyago. Zahor alikuwa na duka la nafaka na viungo pale Mtoni, Temeke, na nyuma ya duka alikuwa na ua mpana uliozungushiwa ukuta wa chokaa. Benedikto aliruhusiwa kuchonga katika ua huo chochote ambacho gogo la mpingo lingekubali kuwa: wazee, nyani, akina mama wenye mitungi, mashetani wenye meno tumboni. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba macho asiyatoboe hapo. Kinyago kikishakamilika mikono, miguu na mdomo, kitiwe kwenye gunia, kipelekwe nyumbani kwake Pugu, na huko ndiko kifumbuliwe macho.

Zahor hakulitoa sharti hilo kwa ukorofi. Tangu akiwa chuoni, ubao mapajani na bakora ya mwalimu juu ya kichwa, alifundishwa kwamba siku ya hukumu mwenye kuunda sanamu ya kiumbe ataamriwa aipulizie roho, na hataweza. Zahor aliiogopa siku hiyo kwa dhati. Kilichomtisha zaidi hakikuwa moto. Ni kule kusimama peke yake, umati unatazama, na yeye hana la kusema. Kwa hiyo alikaa akapiga hesabu zake za dini. Akaona kwamba kisicho na macho hakijawa kiumbe, ni gogo lililokonda, na mtu haulizwi kwa ajili ya gogo lililokonda. Alimpelekea shehe wa mtaa hoja hiyo. Shehe alisema ataitazama, akafariki kabla hajaitazama, na Zahor akachukulia kuwa hakuna pingamizi.

Wawili hao hawakufanana kwa lolote isipokuwa umri na ubishi. Babu yake Zahor alikuja kutoka Manga, Uarabuni, kuuza halua, akanogewa na mji. Benedikto aliteremka kutoka Newala akiwa kijana, tezo begani, akisema anakaa mwaka mmoja. Kila siku baada ya sala ya alasiri Zahor alifunga ubao mmoja wa mlango wa duka, akatoka uani na birika la kahawa, na hapo wakabishana mpaka magharibi.

Hoja waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya mtu wa kwanza. Zahor alisema ni wa udongo, na hakuona cha kuongeza. Benedikto alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa, na Jumapili parokiani alikubaliana na udongo na ubavu bila kinyongo. Lakini Jumatatu hadi Jumamosi alishika ya babu yake, kwamba mtu wa kwanza aliishi porini peke yake, mchafu, nywele hazijaona wembe, akachoshwa na upweke, akachonga mwanamke kwa mti, akamsimamisha nje, na kulipopambazuka mti ukawa mke. Zahor alimwambia mara nyingi kwamba mtu hawezi kuwa na mianzo miwili kama mwenye laini mbili za simu. Benedikto alimjibu kwamba laini zake zote mbili zinapokea.

Salsabil, mjukuu wa Zahor, ndiye aliyeleta laini ya tatu. Baba yake yuko Maskati, yeye analelewa na babu na bibi yake, na mwaka huo alikuwa kidato cha nne, umri ambao mtu anajua kila kitu. Alasiri moja alikuja uani na vitabu vyake akawaeleza wazee kwamba, kwa mujibu wa Mwalimu Wilfred wa baiolojia, uhai ulianzia majini, kutokana na kemikali ambazo hakuna aliyeziagiza, ukawa kitu kidogo kisichoonekana, kisicho na kichwa wala mkia, kikajigawa, kikabadilika, na baada ya muda usiosemeka wakatokea samaki, mijusi, nyani na binadamu. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Zahor na Benedikto walijikuta upande mmoja, na haikuwapendeza.

Benedikto aliuliza fundi alikuwa nani. Salsabil alisema katika mada hiyo hakuna fundi.

Benedikto alilichukulia hilo kama tusi la kikazi. Alionyesha magogo yake yaliyoegemea ukuta, mengine yamekaa hapo tangu Salsabil hajazaliwa, akasema yamepigwa jua, yamepigwa mvua, yamepewa muda wote yanaoutaka, na hakuna hata moja lililojiotesha sikio. Salsabil alisema magogo si seli. Benedikto akasema ndicho hicho anachokisema.

Lakini binti hakuwa amekuja kubishana, alikuwa na shida yake. Shule ilikuwa inaandaa maonyesho ya sayansi, na yeye alipangiwa jicho: jinsi lilivyoanza likiwa doa tu la kuhisi mwanga, doa likawa kishimo, kishimo kikapata kioo chake, mpaka kufikia haya tuliyonayo. Wenzake walikuwa wanachora kwenye manila. Yeye alitaka kinyago, gogo moja refu, viumbe wamebebana kutoka chini hadi juu, kila mmoja na jicho lake. Alimwomba Babu Bene, kama alivyomwita, na Babu Bene akasema kubebesha watu ndiyo kazi aliyozaliwa nayo, hao wengine atawazoea. Zahor aliombwa ruhusa mwisho. Alifikiri, akauliza macho yatatobolewa wapi. Akaambiwa Pugu. Akasema basi.

Kazi ilipofika kwenye mjusi, Mwalimu Wilfred alikuja mwenyewe kuikagua. Alikuwa kijana mwembamba, mwimbaji wa besi katika kwaya ya usharika wake, na aliwaamkia wazee mmoja mmoja kabla ya kuinama kwenye gogo. Alianza kulitazama kutoka chini, na hapo hapo akakwama. Kile kiumbe cha kwanza, kilichotakiwa kuwa uvimbe tu, kilikuwa na chale. Aliuliza kwa adabu chale hizo ni za nini.

Benedikto alimweleza kwamba wa chini ndiye anayebeba wote, anayebeba wote ndiye mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo hawezi kukaa mbele ya wajukuu zake kama mtu aliyeokotwa. Wilfred alisema kitu cha kwanza hakikuwa na mashavu. Benedikto akasema ndiyo maana amemchanja mgongoni. Wilfred aliandika kitu kwenye simu yake, kisha akakifuta.

Zahor alimkaribisha kahawa. Alikuwa na swali ambalo amelishika tangu binti alete habari hizi, na alitaka kuliuliza kwa mtu anayelipwa kulijibu.

"Mwalimu, nasikia Jumapili unaimba kwamba Mungu kaumba. Jumatatu unafundisha hayo mengine. Unalalaje?"

"Nalala vizuri, mzee. Kanisani naulizwa nani, na kwa nini. Darasani naulizwa ilikuwaje. Sijawahi kuulizwa yote siku moja."

"Leo umeulizwa."

Wilfred alitazama chini, kwenye maranda ya mpingo yaliyojaa miguuni. Akasema sayansi ni kama mtu aliyeingia ua huu fundi ameshaondoka. Anaokota maranda, anayapanga, anasema hapa palianza kukatwa, pale palifuata. Habari za fundi hana, kwa sababu hana kipimo cha kumpimia. Hasemi yupo, hasemi hayupo. Zahor aliokota randa moja akamwonyesha. Akamwambia kwamba hata hilo lina alama ya patasi, na patasi haijishiki yenyewe.

"La mpingo ndiyo, mzee," Wilfred alisema. "Ya uhai, kila tukiyageuza, mpaka sasa tunaona alama ya muda tu."

Zahor hakulipenda jibu hilo. Alimwongezea kijana kahawa, jambo alilowafanyia wabishi anaowaheshimu tu. Benedikto naye alijimiminia ya kwake, akaimwaga yote pembeni ya kikombe, na Zahor akamwambia aache kutazama watu mdomoni.

Sasa ieleweke vinyago vilikaa wapi. Vile vilivyokwisha, Benedikto alivipanga kwenye ukuta wa kaskazini, vikitazama ukuta, vikisubiri gunia. Zahor alikuwa amezoea kuona safu ya migongo. Kaskazini ndiko kibla, na alipopita kwenda kutawadha aliiona safu hiyo imenyooka kuelekea Makka, bega kwa bega, na mara moja moja alijisemea kwamba magogo yaliyokonda yana nidhamu kuliko baadhi ya waumini anaowajua.

Jumanne iliyofuata kuku wa jirani aliruka ukuta akatua juu ya safu, akaangusha kibibi kimoja cha mpingo. Zahor alikuwa ametoka kutawadha. Aliinama kukiinua. Kibibi kikamtazama.

Kisha akageuza cha pili, nacho kikamtazama. Akageuza cha tatu. Alipofika mwisho wa safu, ukuta mzima ulikuwa unamwangalia, na yeye maji ya udhu yanamchuruzika viwikoni.

Benedikto hakukana. Alisema macho yake yamekuwa na ukungu kwa muda sasa. Kule Pugu nyumba yake imemezwa na miti, ndani giza hata saa sita ya mchana, na jicho la kinyago ni kazi ya unywele. Ukikosea umeharibu kila kitu. Hapa ukuta wa chokaa unarudisha mwanga mpaka mkononi. Basi amekuwa akiyatoboa hapa, na kwa heshima ya mwenye nyumba akivigeuza vinyago vitazame ukutani.

"Nilidhani tatizo lako ni kutazamwa," alisema.

Zahor hakuamini masikio yake. Aliwaza sala zote alizosali hatua chache kutoka pale, na dua zote, na jinsi alivyosifia nidhamu ya safu ile. Alijiona amesalitiwa, na lilimuuma zaidi kwa sababu aliyemsaliti ndiye mtu pekee ambaye angemwendea kumsimulia. Akamwambia Benedikto kwamba ikifika Ijumaa baada ya sala, ua uwe mweupe. Benedikto hakubisha, na hilo lenyewe lilikuwa jambo geni. Alisema ni sawa, atarudi Newala kwa dada yake Eufrazia, huko kuna wa kumshika mkono. Aliomba kitu kimoja tu. Kinyago cha Salsabil kimebaki macho ya binadamu, yale ya juu kabisa, na ameshampa binti ahadi. Atakuja Ijumaa asubuhi ayamalize, halafu basi.

Mchana ule Zahor alimlalamikia mkewe, Hamdiya, aliyekuwa anachambua mchele. Alimweleza yote, kuanzia kuku. Hamdiya hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Nilikuwa najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Mie ndiye ninayefagia."

Akaongeza kwamba, kama dhambi hiyo inamhusu aliyejua, basi ni yake yeye, na mumewe amelala safi miaka yote. Zahor hakupata faraja aliyoitarajia.

Jumatano ua ulikuwa kimya. Zahor hakujua kwamba ule mlio wa nyundo juu ya patasi ndio uliokuwa unamwendeshea siku yake mpaka ulipokosekana. Alimpimia mteja pilipili manga badala ya bizari nyembamba. Alasiri alitoka na birika na vikombe viwili, kwa mazoea, akakaa mbele ya gogo la Salsabil lililoachwa limeegemea ukuta. Alijaribu kubishana peke yake; alishika upande wake, akashika na wa Benedikto, akashinda, na ushindi haukuwa na ladha yoyote. Salsabil alipita akamwamkia bila kumtazama usoni. Zahor alikuwa mpweke, na alijua ni mpweke. Hali aliyoiogopa maisha yake yote, ya kusimama mahali hana wa kusema naye, ilikuwa imefika kabla ya hukumu, na aliyeiita ni yeye mwenyewe. Hata hivyo neno alikuwa ameshalitoa, na hofu yake ya Mungu haikuwa ya kuigiza. Alhamisi ilikuwa vilevile, ila mteja alipewa karafuu.

Ijumaa asubuhi Benedikto alikuja kama alivyoahidi. Alikaa kwenye kigoda chake, mgongo kwa jua, uso kwa ukuta, akabana gogo kati ya magoti. Salsabil alisimama mlangoni na sare za shule, mkoba begani, akisubiri. Zahor alijifanya anapanga magunia karibu na mlango wa nyuma.

Aliona kidole gumba cha Benedikto kikitambaa usoni mwa yule mtu wa mti, kikitafuta nyusi, kikipotea, kikirudi. Patasi ikashuka, ikateleza, ikamchana kidole. Benedikto alifuta damu kwenye suruali akaanza upya. Zahor aliacha magunia. Alikwenda akachuchumaa mbele yake na, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akamtazama machoni, maana watu wanaobishana hutazamana midomo. Mboni zote mbili zilikuwa zimeingia weupe kama tui.

"Mtoto wa jicho huyo," Zahor alisema.

"Mapacha."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniambia nikapumzike."

Zahor alikumbuka kahawa iliyomwagika na jinsi alivyomgombeza mwenzake, akaona haya. Benedikto alirudisha ncha ya patasi kwenye uso wa kinyago.

"Usishike kitu," alisema. "Nikifika mahali, niambie tu."

Zahor alipiga hesabu zake haraka. Kushika patasi ni kuchonga, hilo halina mjadala. Kusema si kuchonga. Ulimi hauna makali. Akavuta debe akakaa.

"Panda kidogo," alisema. "Kulia. Hapana, umepita. Rudi. Hapo."

Nyundo ikagonga mara chache, vumbi jeusi likaanguka, na jicho likawepo.

Zahor alilitazama. Muda mfupi uliopita pale palikuwa na mbao tupu. Yeye ametamka neno moja, na pamekuwa na jicho. Alimjua vizuri ni Nani anayefanya mambo kwa namna hiyo, kwa kutamka tu, kikawa. Alitaka kusaidia kwa njia ndogo kuliko zote, akajikuta ameazima njia kubwa kuliko zote, asubuhi ya Ijumaa, akiwa amekalia debe la mafuta. Aliomba msamaha kimoyomoyo, mara nyingi, kwa kasi.

"La pili," Benedikto alisema.

Mlangoni Salsabil alitazama saa. Zahor angeweza kuinuka. Badala yake alifumba macho, akayabana kabisa, ili angalau asiwe shahidi. Akasikiliza ncha ya chuma ikikwaruza mti, ikisogea, ikisogea, na alipoona moyoni kwamba sasa inatosha, akasema:

"Hapo."

Benedikto aligonga, akapapasa kwa kidole, akapuliza vumbi. Akasema sawa. Salsabil alifunga kinyago kwenye kanga ya bibi yake akaondoka nacho mbio, hata hakukitazama.

Zahor aliporudi kutoka msikitini alimkuta Benedikto ameshafunga tezo zake kwenye gunia, amesimama katikati ya ua kama abiria. Aliulizwa anakwenda wapi. Akasema si amefukuzwa. Zahor alimwambia kwamba kumfukuza mtu asiyeuona mlango si uungwana. Kwanza aonyeshwe mlango. Hospitali moja ilikuwa na kambi ya upasuaji wa macho wiki iliyofuata, tangazo limebandikwa hadi kwenye nguzo ya umeme mbele ya duka. Watakwenda, atafanyiwa, ataona, halafu afukuzwe vizuri. Benedikto alifikiri akasema hilo lina mantiki, akafungua gunia.

Habari za maonyesho zililetwa na Salsabil Jumamosi jioni. Jicho la kulia la binadamu liliwavutia wote. La kushoto lilikuwa limekaa karibu na sikio. Majaji waliuliza kwa nini, na Mwalimu Wilfred, ambaye hakuwa ameulizwa, alijibu kwamba mageuzi hayafuati ramani, yanachukua kilichopo na kukitengenezea hapo hapo, na mwanafunzi wake ameliona hilo kuliko vitabu. Majaji wakaandika. Walipofika kwenye chale za kiumbe cha kwanza hawakuuliza tena. Salsabil alipata nafasi ya pili, nyuma ya mvulana aliyetengeneza sabuni.

Hamdiya alisema yule mtu wa juu ya kinyago anafanana na mjomba wake mmoja, aliyekuwa mtu mwema. Kinyago hakikuingizwa ndani. Kilisimamishwa uani, kikitazama ukuta.

Zahor alimpeleka Benedikto kwenye kambi mwenyewe, akamshika mkono kwenye foleni, na walipokaa benchi wakabishana kwa sauti ya chini ni nani alikuwa anaongoza. Muuguzi alieleza kwamba watatoa kile kioo cha ndani kilichochafuka, waweke kingine cha plastiki. Zahor alishtuka. Alimfuata daktari mlangoni akamuuliza, kwa heshima zote, kama haogopi kutengeneza jicho la mtu. Daktari alikuwa na watu wengi siku hiyo.

"Sitengenezi jicho, mzee," alisema. "Nafuta dirisha."

Zahor alirudi kwenye benchi akamwambia Benedikto kwamba daktari ni mtu anayejua mipaka. Benedikto akasema yeye anataka anayejua macho. Kisha jina lake likaitwa, akashika mkono wa Zahor kwa nguvu sana, na wote wawili wakafanya kama hawakuliona hilo.

Jicho la pili lilipokwisha kufunguliwa bandeji, Zahor alimleta moja kwa moja uani. Benedikto alivua miwani nyeusi aliyopewa. Akatazama chokaa, akatazama magogo yake, akamtazama Zahor kwa kituo.

"Umezeeka," alimwambia.

Akaenda ukutani akakigeuza kinyago cha Salsabil. Alikitazama kuanzia chini, kwa mkubwa wa ukoo na chale zake, akapanda taratibu kwa minyoo, samaki na mjusi mpaka akafika juu. Akakaa hapo muda mrefu. Zahor alisimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"La kulia zuri," Benedikto alisema. "Hili la kushoto ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilifumba macho."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naogopa."

Benedikto alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Alichukua patasi ndogo, akaipima makali kwa kidole, akasema bado linarekebishika. Ataliziba kwa nta na vumbi la mpingo, atoboe jingine mahali pake, na hakuna atakayejua. Akauliza alifanyie hapa au akalifanyie Pugu.

Zahor alimtazama yule mtu wa mti, na jicho lake moja lililonyooka na moja lililokwenda zake. Akaiwaza ile siku, kama alivyoiwaza tangu chuoni: uwanja, umati, amri ya kupuliza roho, na yeye. Ila safari hii hakujiona peke yake. Ubavuni kwake alimwona mtu mwingine ameitwa pamoja naye, ana patasi mkononi, analalamika kwamba mwanga wa mahali hapo haufai.

"Liache," alisema. "La kulia tulifanya wote. Hilo la kushoto ni langu. Siku hiyo wakituita, nataka tuitwe pamoja."

Daktari alikuwa amemkataza Benedikto kulia mpaka macho yapone, na sharti hilo nalo alilivunja. Kisha akakigeuza kinyago kikatazama ukuta, akakaa kwenye kigoda, na Zahor akaenda kuleta birika.

Suala la kufukuzwa halikutajwa tena. Macho yakarudi kutobolewa Pugu, kwa mujibu wa mapatano. Hamdiya, ambaye ndiye anayefagia, hajaulizwa.